Baba Anafua: Maswali Ninayoulizwa Kila Jumamosi Juu ya Paa

Jengo tunalokaa, upande wa Eastlands hapa Nairobi, lina orofa sita, na kamba zote za nguo ziko juu ya paa. Jumamosi asubuhi utanikuta huko na beseni mbili, mitungi mitatu na redio ndogo. Huu ni mwaka wa saba nikifua nguo za nyumba yetu: zangu, za mke wangu, za watoto wawili, pamoja na mashuka. Mwanzoni watu walinitazama tu wakapita. Siku hizi wananiuliza, kwenye ngazi, kwa kinyozi, ndani ya matatu, na mmoja hupiga simu usiku akinong'ona kama anayenunua bangi. Maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeyaandika. Mengi ni ya wanaume. Wanawake nao wana yao mawili matatu.

Kwani mke wako yuko wapi?

Hili huja hata kabla ya salamu. Yuko nyumbani. Au ameenda sokoni Wakulima, au yuko kazini, au amelala kwa sababu wiki nzima ameamka saa kumi na moja. Hatujaachana na hayuko hospitalini. Jirani mmoja aliwahi kunipa pole, nikaipokea ili nisimwaibishe.

Sema ukweli: umekaliwa chapati?

Nairobi mwanamume akionekana na beseni, watu wana maelezo mawili tu. Amekaliwa chapati, yaani anatawaliwa na mkewe, au amewekewa kitu kwenye chakula. La tatu, kwamba nguo zilikuwa chafu, halimjii mtu akilini.

Anayenicheka huwa namuuliza kama alisoma shule ya bweni. Wengi walisoma. Basi akumbuke kidato cha kwanza: beseni lenye jina lako kwa rangi ya kucha, sabuni ya kipande iliyokatwa vipande vinne ili ifike mwisho wa muhula, shati moja jeupe unalofua Jumamosi na kuketi karibu nalo mpaka likauke kwa sababu ukiinuka litaondoka. Miaka minne tulifua hivyo, wavulana mia kadhaa, na hakuna aliyesema tumekaliwa na mtu. Baadaye tukapanga vyumba Githurai na Roysambu, tukafua wenyewe tena. Halafu mtu anaoa Jumamosi, na kufikia Jumatatu mikono yake imesahau kazi ya miaka kumi.

Tena rudi nyuma zaidi. Neno "dobi" lilitoka Uhindi, na hapa kwetu dobi kwa kawaida alikuwa mwanamume. Wakati wa ukoloni, nyumba za walowezi hapa Nairobi zilifuliwa, zikapigwa pasi na kupikiwa na wanaume Waafrika, kwa sababu wanaume ndio waliokuja mjini kutafuta kazi huku familia zikibaki mashambani. Walioitwa "boi" walikuwa watu wazima wenye wake na watoto. Kwa hivyo ukisema mwanamume Mwafrika hafui, babu zetu kadhaa wa Kileleshwa na Karen wangetaka kukusikiliza vizuri. Walichozoea ni kufua kwa mshahara. Sisi tunachoogopa ni kufua bure.

Mimi humsaidia mke wangu. Hiyo haitoshi?

Nikimsaidia jirani kupandisha mtungi wa gesi mpaka orofa ya tano, gesi ni ya nani? Ni yake. Nikichoka nitautua kwenye ngazi, na shida itabaki kuwa yake. Ndivyo ilivyo unaposema unamsaidia mke kufua. Umeshasema nguo ni zake, zikiwemo suruali zako.

Nami nilianza hivyo hivyo. Jumamosi za kwanza nilikuwa nikiita kutoka bafuni: sabuni iko wapi, hii inalowekwa, hii ni ya nani, hii inatoa rangi? Jumamosi ya tatu mke wangu akaja akasimama mlangoni. "Baba watoto," akasema, "ukiniuliza maswali kumi, afadhali nifue mwenyewe ninyamaze." Nilikasirika. Nilikuwa nimeloana mpaka magotini na ndiye mimi ninayelaumiwa! Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba mikono yangu ilikuwa imefanya kazi, ila kichwa kilichoiendesha bado kilikuwa chake.

Kazi ya kufua ina kichwa, na kichwa ndicho kizito. Mtu fulani ndani ya nyumba anajua kwamba Jumatatu ni siku ya michezo na tisheti ya mtoto bado ina tope. Anajua sabuni ya unga imebaki kiasi cha kufua mara moja. Anajua soksi ya kushoto ilipotea wiki jana, na kwamba blanketi la mdogo halijafuliwa tangu alipokojoa mara ya mwisho. Mtu huyo hapumziki hata akiwa ameketi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na mimi nililiona kanda hilo jepesi kabisa mpaka nilipojitwika.

Siku hizi nimeichukua kazi yote, toka mwanzo hadi kabatini. Najua siku ya maji. Nanunua sabuni kabla haijaisha. Nafua, naanika, naanua, nakunja, naweka kila nguo kwenye rafu ya mwenyewe. Zingatia hapo kwenye kuanua na kukunja, maana wanaume wengi tunajiona tumemaliza nguo zikishafika kambani. Zikianuliwa zinamwagwa kwenye kochi, zinakuwa mlima, na mlima huo unakaa mpaka Jumatano, wageni wakija wanasukumwa upande. Nguo iliyo kwenye kochi bado haijafuliwa.

Sijafua tangu nioe. Nianzie wapi?

Anzia na maji, maana Nairobi si wewe unayechagua siku ya kufua, ni mfereji. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililoanza kazi mwaka wa 1994, na mitaa hupewa kwa zamu. Kuna wanaopata siku mbili kwa wiki, kuna wanaopata usiku wa manane pekee. Ijue ratiba ya mtaa wenu kama unavyoijua ratiba ya ligi ya Uingereza. Mitungi ijazwe siku ya maji, hata kama utafua kesho yake. Wakati wa kiangazi mtungi wa lita 20 hufika shilingi 30, 40, hata 50 kwa mwenye mkokoteni, na hapo utajifunza haraka kutomwaga ovyo.

Kisha tenga. Nyeupe peke yake, za rangi nyepesi peke yake, nyeusi na jinzi peke yake, na soksi pamoja na matambara mwisho kabisa. Pekua mifuko. Nimekuta noti, tiketi, peremende iliyoyeyuka, na siku moja jino la mtoto alilokuwa akingoja kulipwa.

Loweka nusu saa, saa moja ukitaka, kwenye maji yenye sabuni ya unga iliyokwisha kuyeyuka. Usimwage unga juu ya nguo kavu, utaacha mabaka. Wakati wa kufikicha, usihangaike na shati zima. Uchafu hukaa kwenye kola, kwapa, ncha za mikono na pindo la suruali. Hapo paka sabuni ya kipande ufikiche nguo kwa nguo, au tumia brashi laini. Sehemu nyingine zitatakata zenyewe.

Suuza mara mbili. Maji ya kusuuzia nyeupe yanakuwa ya kufulia za rangi, ya kusuuzia za rangi yanakuwa ya kufulia jinzi, na povu la mwisho linaosha korido au linaenda chooni. Kwa mpango huo mitungi mitatu hadi minne hutosha nguo za wiki za watu wanne kwetu. Bila mpango nimewahi kumaliza saba.

Kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvi, sabuni ya kipande itakataa kutoa povu na itaacha utando wa kijivu kwenye nguo. Tumia ya unga, na maji ya mfereji yaliyopo yaweke kwa ajili ya kusuuza.

Na madoa?

Damu ni maji baridi. Ukiweka ya moto umeipika, haitoki tena. Mafuta ya kupikia, paka sabuni ya kuoshea vyombo juu ya nguo ikiwa kavu, ngoja kidogo, ndipo uifue. Wino wa biro hutoka kwa spiriti, ila weka kitambaa chini usije ukahamishia doa upande wa pili.

Tope linastahili maneno zaidi kwa sababu jiji hili lina matope ya aina mbili. Ukishuka pande za Embakasi na Syokimau utapata udongo mweusi unaonata kama gundi. Ukipanda Dagoretti, Kikuyu na Kiambu ni ule mwekundu. Wote wawili kosa kubwa ni kuufua ukiwa mbichi. Uache ukauke, uukung'ute, upige brashi, ndipo ulete maji. Ule mwekundu una chuma, na ndicho kinachoupa rangi. Kwa hivyo ukiumwagia jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hauondoki, mara nyingine doa hukazana zaidi. Jaribu maji ya limau na chumvi, anika juani, kisha suuza vizuri.

Jiki niweke kiasi gani?

Kidogo, kwenye maji mengi, kwa pamba nyeupe pekee. Sufu na hariri huliwa. Na usiichanganye kamwe na limau, siki wala dawa ya kusafishia choo: inatoa gesi ya sumu, na bafu zetu hazina hata dirisha la maana. Doa lililopakwa limau lisuuzwe kabisa kabla jiki haijasogea karibu.

Niliharibu blauzi ya mke wangu. Sasa?

Mwambie kabla hajaiona. Mimi nilinunua fulana nyekundu soko la Gikomba, nzuri sana, nikaitia kwenye beseni moja na mashati ya shule kwa sababu nilikuwa nimechelewa na nilitaka kumaliza. Mashati manne yakatoka rangi ya juisi ya tikiti maji. Nguo ya mitumba hujui ilifuliwaje huko ilikotoka, kwa hivyo mara ya kwanza iloweke peke yake. Wengine husema chumvi hushika rangi. Nilijaribu, ikatoka vilevile, ila sasa ikiwa na chumvi.

Kama rangi imeingia na nguo bado mbichi, usiikaushe. Irudishe kwenye maji mapya yenye sabuni, ibadilishie maji mara kadhaa. Ikikauka juani umeshaichapisha. Mashati yangu mawili yaliokoka, mawili nikanunua mengine kwa pesa yangu ya nyama choma, na ndivyo inavyofaa iwe.

Nifue chupi za mke wangu?

Mnauliza hili mkicheka lakini najua ndilo mlilokuja kuuliza. Kwetu kila mtu mzima hufua zake anapooga, mimi na yeye, na za watoto mpaka wafike darasa la tatu hivi. Hata mama fua, yule anayelipwa kutufulia, hapewi. Ni heshima ya kawaida, haina uhusiano na uanaume. Lakini mke wangu alipojifungua kwa upasuaji hakuweza kuinama kwa wiki kadhaa. Nilifua kila kitu chake, damu ikiwemo, na mikono yangu bado ipo.

Mama yangu anakuja kutoka ushago kukaa wiki mbili. Nisimamishe kwanza?

Ukisimamisha, mkeo ndiye atakayeishika, na utakuwa umemwonyesha kwamba yote ilikuwa maonyesho ya siku zisizo na mgeni.

Wangu alipokuja alinitazama Jumamosi nzima bila kusema neno, uso kama wa mzee wa kanisa kwenye harusi ya haraka. Jumatano nikafua sare za watoto. Akapanda paa kwa shida ya magoti, akageuza ndoo, akaketi. Nikangoja hukumu. Akasema, "Hiyo kola hujaifikicha." Nikaifikicha. Baada ya kitambo akaniambia kwamba nilipozaliwa mimi, marehemu baba alikuwa akifua nepi zangu usiku, nyuma ya jiko, taa ikiwa chini, na mama ndiye aliyezianika asubuhi ili watu wafikiri amefua yeye. Miaka yote ile sikuwahi kuambiwa. Sijui kama alikuwa akiniunga mkono au akinishauri nifue usiku. Sikumuuliza.

Kwa mama mkwe ni rahisi zaidi. Atashangaa, kisha atawapigia wenzake simu.

Lakini nimelipa mahari!

Hongera. Wajumbe walikaa chini wakakubaliana kuhusu familia mbili kuungana. Kwenye mazungumzo yote niliyowahi kuhudhuria, na nimeketi kama mjumbe mara tano, sijasikia soksi zikitajwa.

Dini inasemaje?

Waislamu wa Eastleigh na South C wanayo hadithi ya Bi Aisha, mkewe Mtume, katika kitabu cha Bukhari, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na swala ikifika anatoka kwenda kuswali. Wakristo wana Yohana 13, Yesu na beseni na kitambaa kiunoni, akiosha miguu ya watu wazima. Nikikumbushwa kwamba mume ni kichwa cha nyumba, sibishani. Nimeshasema kazi hii inahitaji kichwa.

Tuna mama fua anakuja kila wiki. Mimi nimeshatoka hapo?

Umepunguza uzito, hujatoka. Nani anampigia? Nani anakumbuka kuwa wiki hii maji yanakuja Alhamisi na si Ijumaa? Nani anamtolea nguo, anamnunulia sabuni, anamwandalia chai na chakula cha mchana, anazianua akishaondoka? Nyumba nyingi hapa mjini ugomvi wa kazi umetatuliwa kwa kumleta mwanamke mwingine, kisha mume anajisifu kwamba kwao hakuna shida. Kama ni kumwita, iwe ni wewe unayemwita.

Na mkubaliane bei mapema, kwa siku au kwa mzigo, maana mtaa na mtaa hutofautiana. Mlipe siku hiyo hiyo. Usimwongezee mazulia na mapazia saa tisa alasiri ukijifanya umesahau. Mama huyo ana beseni lake linalomngoja kwake jioni, na huko hakuna wa kumlipa.

Tununue mashine?

Kama mfuko unaruhusu na maji yapo, nunueni. Ila angalieni mambo mawili. Ile inayojiendesha yenyewe hutaka maji ya mfereji yenye nguvu, na kwenye orofa za juu maji huja yakilia. Ile yenye matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, unaweza kuimwagia kwa ndoo, nayo hutumia stima kiasi. Nguo bado zitatengwa na mtu, zitaanikwa na mtu, zitakunjwa na mtu. Nina rafiki aliyenunua mashine kubwa akamkabidhi mkewe ikiwa bado kwenye sanduku, tukatumiwa picha. Yeye mwenyewe hajawahi kugusa kitufe chake.

Blanketi zito na duveti pelekeni kwa dobi. Maisha ni mafupi.

Mimi hutoka saa kumi alfajiri na kurudi saa nne usiku. Hiyo kufua nitafanya saa ngapi?

Swali la haki, hasa kwa madereva, makanga na walinzi. Sikuambii ufue. Nakuambia ushike kitu kimoja ambacho ni chako kabisa, kisichohitaji mtu akukumbushe. Inaweza kuwa vyombo vya usiku. Inaweza kuwa kujaza mitungi, kupiga pasi sare zote za wiki Jumapili jioni huku ukitazama mpira, kung'arisha viatu vya watoto, au kupika siku unayopumzika (ugali na mayai ni chakula, msidanganywe).

Ila jihesabie saa kwa ukweli. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilipima mwaka wa 2021 jinsi Wakenya wanavyotumia muda, na wanawake wakaonekana kutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na za malezi zisizolipwa. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa yote kwa foleni ya Mombasa Road. Wengi wetu tunafika nyumbani, tunakaa, tunauliza chakula kiko wapi, na yule tunayemuuliza alishuka matatu nyuma yetu.

Ni kweli sheria imeingilia mambo ya kufua?

Kwa mlango wa nyuma, ndiyo. Katiba ya 2010, ibara ya 45, inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 ikaeleza kwamba mchango wa mtu katika mali si pesa tu. Kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba zimo, kulea watoto kumo, hata kazi ya shamba. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba usawa huo haumaanishi kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja huonyesha mchango wake. Maana yake ni kwamba miaka ambayo mkeo amefua, akapika na kulea ina uzito mbele ya hakimu, hata kama hati ya ploti ina jina lako pekee. Yako pia ina uzito ukifua. Lakini tafadhali usianze kujipiga picha na beseni kwa ajili ya ushahidi.

Mke wangu hataki nifue. Anasema naharibu.

Pengine unaharibu. Pengine pia anaogopa watu watamwita mvivu, maana mwanamume akifua, anayesemwa ni mke. Anza na nguo zako na mashuka. Mke wangu aliacha kunikagua mwezi wa nne. Bado haniamini na hariri.

(Swali la mwanamke.) Wangu anafua vibaya makusudi ili nimwambie aache. Nifanye nini?

Dada, shati ni la nani? Kama ni lake, alivae hivyo hivyo aende nalo kazini. Usilifue tena nyuma yake usiku, wala usisimame juu yake ukimwelekeza, kwa sababu zote mbili zitamrudishia kochi lake. Mpe kazi nzima, iwe na siku yake, uondoke nyumbani. Nenda kwa nywele. Ukirudi utakuta vituko, lakini si vyako.

Mtoto anakaribia kuzaliwa. Nijiandae vipi?

Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa wiki mbili za likizo ya ubaba kwa mshahara kamili. Wanaume wengi huzitumia kupokea pongezi. Zitumie kwenye beseni. Nepi za kitambaa zikwanguliwe chooni kwanza, zioshwe kwa maji baridi, ndipo zifuliwe kwa ya moto. Usitie ile dawa ya kulainisha nguo, huzifanya zisinyonye. Anika juani kabisa. Na blanketi lililoloa asilibebe mama aliyeshonwa, hata akisema anaweza.

Mwezi wa Julai nguo hazikauki. Zinanuka.

Kuanzia Juni hadi Agosti jua la Nairobi huwa la kuazima. Fua kidogo kidogo, mara mbili kwa wiki. Kabla ya kuanika, viringisha nguo nzito ndani ya taulo kavu uikanyage. Jinzi itundike kwa kiuno, mifuko nje. Acha nafasi kati ya nguo na nguo upepo upite. Ikifika jioni bado ina unyevu, iingize ndani uitandaze kwenye viti, usiikunje. Sweta usiitundike kwa mabega, itaota mabega mengine.

Januari shida inageuka. Nairobi iko mita 1,700 na kitu juu ya bahari na jua hupiga kwa karibu, kwa hivyo nguo za rangi zigeuzwe ndani nje la sivyo zitachujuka mwezi mmoja.

Na wezi wa kamba?

Keti nazo. Ndiyo maana nina redio. Kama jengo lina vizimba vya wavu, nunua kufuli yako mwenyewe. Nguo kuukuu zikae pembeni, jinzi na jezi katikati. Nilipoteza taulo moja tu kwa miaka saba, na nililiona mwezi uliofuata orofa ya pili, nikanyamaza kwa ajili ya ujirani.

Wavulana wangu waanze wakiwa na miaka mingapi?

Wangu alianza na soksi zake akiwa na miaka sita. Maji yalikuwa mengi kuliko usafi. Sasa ana kumi na mmoja na hufua sare yake Ijumaa jioni, na dadake hufua yake. Aliniuliza kama shuleni wakijua watamcheka. Nikamwambia watamcheka. Akafikiri, akaniuliza kama anaweza kufua mlango wa bafu ukiwa umefungwa. Nikamruhusu. Amekuwa akiufungua mwenyewe siku hizi, kwa sababu ya joto, nadhani.

Nina swali ambalo halimo hapa.

Jumamosi, kabla ya saa nne, juu ya paa. Lete vibanio vyako, vyangu vimebaki kumi na viwili.